Hamira iliyokula akiba yake: kisa cha kiwanda kimoja cha spiriti kando ya ziwa, Mwanza

Hiki kisa nakiandika kwa ajili ya watu wanaoshinda kwenye fementa (tenki la kuchachushia), maopereta, watu wa maabara, na wale vijana wanaomaliza diploma halafu wanaajiriwa kiwanda cha spiriti bila mtu wa kuwaonyesha kazi. Majina yote nimeondoa, tarehe pia, ukubwa wa matenki na namba nyingine nimezizungusha ili mtu asijue ni wapi, ila mfuatano wa mambo nimeuacha kama ulivyokuwa. Ninachotaka kionekane ni kimoja: seli ya hamira inaweza ikawa hai na bado ndani haina kitu, na ukiipima uhai peke yake utaipeleka kwenye kazi ambayo haina nguvu ya kuifanya.

Mazingira ya kiwanda

Ni kiwanda kidogo hapa Mwanza, kinachukua maji ya ziwa, kinachachusha molasesi na kukeneka spiriti. Molasesi inatoka ng'ambo upande wa Kagera kwenye miwa, inakuja na malori ya tenki kupitia Geita, na kipindi kile daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado (limefunguliwa Juni 2025) kwa hiyo lori likikwama kabla ya kivuko basi na kiwanda kimekwama. Ikifika ina briksi 80 na kitu (briksi ni gramu za vitu vilivyoyeyuka, hasa sukari, kwenye kila gramu 100), nusu hivi ya uzito wake ndo sukari inayochachuka, iliyobaki ni chumvi, potasiamu nyingi, na mabaki ya vitu vilivyopikwa mara kadhaa kule kiwanda cha sukari. Wanaizimua mpaka briksi 24 ndo inaingia fementa ya lita 40,000.

Hamira yenyewe ni ile kavu ya mifuko, ya kuagiza nje, na bei yake mnaijua. Kwa hiyo wanairudisha. Fementa ikimaliza, woshi (molasesi iliyokwisha chachuka) inapita kwenye separeta, mashine ya kutenganisha hamira, woshi safi inaenda mnarani kukenekwa, hamira nzito (wenyewe wanaiita krimu) inaenda tenki dogo, inazimuliwa na maji nusu kwa nusu, inawekewa asidi ya sulfuriki mpaka pH 2.2 hivi, inakaa saa moja au mbili ili bakteria wafe, halafu inarudi fementa kupokea molasesi mpya. Huu mtindo sio wa kubuni, ni uleule wa Melle-Boinot ambao Wabrazili wanautumia kwenye spiriti ya magari, wao wanarudisha zaidi ya asilimia 90 ya seli, mzunguko mmoja unaisha kwa saa 6 hadi 12, na hamira ile ile inaweza kufanya kazi mara mbili kwa siku msimu mzima.

Ila kuna tofauti ambayo watu wakisoma habari za Brazil wanairuka. Kule hamira zinazodumu, kama PE-2 na CAT-1, zilitolewa humohumo kwenye matenki ya viwanda vyao, ni zile zilizoshinda zenyewe baada ya nyingine kufa, na zilipochunguzwa zikakutwa na uwezo mkubwa wa kujiwekea akiba. Hamira ya mkate ukiipeleka kwenye mazingira yale inasukumwa nje ndani ya wiki chache. Hapa kwetu kiwanda kilikuwa kinatumia hamira ya mfuko kwa mtindo wa Brazil, na juu ya hapo kinapoza kwa maji ya ziwa ambayo juujuu yana nyuzi 24 hadi 27, kwa hiyo miezi ya jua kali kabla vuli haijaanza fementa inacheza 34, ikizidiwa inagusa 36. Hayo yote hamira ilikuwa inayavumilia, bechi zinatoka na spiriti asilimia 8, kila mtu ameridhika.

Akiba zenyewe ni zipi

Hapa lazima nikae kidogo maana bila hii kisa chote hakieleweki.

Hamira ina akiba mbili za sukari ndani ya seli. Ya kwanza ni glaikojeni, mnyororo mrefu wa glukosi wenye matawi mengi, ni ndugu wa ile iliyoko kwenye maini yetu. Ya pili ni trehalosi, hii ni ndogo, glukosi mbili tu zimeshikana. Glaikojeni kwenye hamira iliyoshiba inaweza kufika asilimia 20 ya uzito mkavu na hata kupita, trehalosi inatoka chini ya asilimia 1 mpaka zaidi ya 15 kutegemea seli imepitia nini.

Hazijengwi wakati mmoja na hazifanyi kazi moja. Glaikojeni inaanza kujaa pale naitrojeni inapopungua lakini sukari bado ipo, yaani seli imeshindwa kuendelea kuzaana ila chakula kinaingia, basi inakiweka. Inafika juu kabisa kabla sukari ya nje haijaisha, na sukari ikiisha tu inaanza kuliwa taratibu ili seli iendelee kuwa hai, maana hata seli isiyofanya kazi inatumia nguvu kusukuma asidi nje na kukarabati utando wake. Trehalosi inakuja baadaye, mwishoni mwa bechi, na inapanda zaidi joto likizidi au spiriti ikiwa nyingi. Inashikilia protini na utando visiharibike, ingawa haifanyi hiyo kazi peke yake, kuna protini za kujikinga kama Hsp104 zinazopanda nayo pamoja.

Sasa kuna tabia moja ya trehalosi ambayo kila opereta angeijua mambo mengi yangenyooka. Seli iliyolala na trehalosi yake ukiipa sukari, inaivunja. Haichukui siku, ni suala la dakika. Kimeng'enya kinachoivunja kinawashwa na sukari yenyewe, kwa sababu kwa seli sukari maana yake shida imeisha twende kazini. Kwa hiyo seli ambayo dakika chache nyuma ingevumilia asidi na joto, ukishaionjesha molasesi haivumilii tena vilevile. Hili litarudi huko chini.

Na glaikojeni ina kazi nyingine mwanzo wa bechi. Hamira ikikutana na hewa inatengeneza steroli (aina ya mafuta) za kuweka kwenye utando, bila hewa haiwezi kuzitengeneza, na seli iliyotoka kwenye mapumziko nguvu na malighafi ya hiyo kazi inazitoa kwanza kwenye glaikojeni. Utando usio na steroli za kutosha spiriti inaupenya, seli inaanza kuvuja.

Ilivyotokea

Kwanza mnara ulisumbua. Kulikuwa na vali iliyovuja, mafundi wakaufungua, wakasema kazi ya nusu siku ikawa zaidi ya hapo. Fementa ilikuwa imeshamaliza sukari, woshi imekaa na hamira yake ndani, spiriti asilimia 8, joto 34, hakuna cha kula. Siku ya kwanza hakuna aliyeona tatizo, woshi haiozi kirahisi ikiwa na spiriti, na kwa upande wa woshi walikuwa sahihi.

Mnara ukapona, woshi ikapitishwa separeta, krimu ikaingia tenki lake ikazimuliwa nusu kwa nusu. Ile ile jioni ikaja taarifa kwamba malori mawili ya molasesi yamekwama njiani, akiba ya molasesi pale kiwandani ilikuwa imebaki ya kulamba chini ya tenki. Kwa hiyo krimu ikasubiri. Tenki la krimu halina koili ya kupoza maana kwa kawaida hamira inakaa humo saa mbili tu, na banda lile ni la bati, mchana ukiingia ndani unajua mwenyewe.

Siku ya pili ya kusubiri opereta wa shifti ya asubuhi, kijana mtulivu sana, alichukua sampuli ya krimu kwa utaratibu wake wa kawaida akaikeneka kwenye chupa na kupima. Akaenda maabara.

"Dada, shikamoo. Spiriti inapanda kwenye tenki la hamira."

"Marahaba. Umeweka molasesi?"

"Hatujaweka kitu. Ilikuwa nne na kidogo, saivi ni tano na pointi."

Dada wa maabara akarudia kipimo, akapata hivyohivyo. Akaandika kwenye daftari, akamwambia msimamizi wa uzalishaji, mzee mwenye miaka mingi kwenye hiyo kazi, na mzee akaona labda zile za kwanza zilipimwa vibaya au sukari kidogo ilibaki kwenye woshi. Ni maelezo ambayo yanaingia akilini. Ila sukari iliyobaki ilikuwa imepimwa kabla ya separeta na haikuwepo ya kutosha kutoa hata robo ya hiyo spiriti.

Hesabu ukiifanya inakaa sawasawa bila kuhitaji sukari ya nje. Lita moja ya krimu iliyozimuliwa vile ina hamira mbichi gramu 300 hivi, robo yake ndo uzito mkavu, yaani gramu 75. Ukisema asilimia 20 ya hapo ni akiba, una gramu 15 za glaikojeni na trehalosi. Zikivunjwa zinatoa glukosi gramu 16 na kitu (maji yanaingia wakati wa kuvunja), na kila gramu 100 za glukosi haziwezi kutoa zaidi ya gramu 51.1 za spiriti, kwa hiyo unapata gramu 8.5, ambayo kwa ujazo ni asilimia 1 na kidogo. Ndo ile ile iliyoonekana kwenye chupa. Kile kipimo kilikuwa kinasema hamira imejichachusha yenyewe, imekula ghala lote.

Molasesi ikafika usiku. Kabla ya kuanza, maabara ikaangalia krimu kwa methilini bluu kwenye hadubini, seli zilizokufa zinabaki na bluu, zilizo hai zinaiondoa rangi. Ikatoka asilimia 85 hai. Kiwanda kilikuwa na kikomo cha 80, kwa hiyo krimu ikapita. Ikawekwa asidi mpaka pH 2.2, ikakaa saa mbili, ikaingia fementa, na kwa kuwa walikuwa nyuma ya ratiba molasesi ikafunguliwa kwa kasi ya kawaida mpaka tenki likajaa.

Kwa kawaida ndani ya saa moja povu linaanza kupanda na ukisogeza pua kwenye mlango wa juu gesi inakufukuza. Safari hii palikuwa kimya. Saa ya tatu, kimya. Saa ya sita vipovu vichache ukutani. Methilini bluu ikarudiwa ikatoka chini ya nusu. Na kwenye hadubini kati ya seli kulikuwa na vijiti vingi vya bakteria wa asidi ya laktiki, maana molasesi inakuja nao na hakukuwa na hamira ya kuwakimbiza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa mzee ulikuwa kuongeza urea. Hoja yake: bechi ikichelewa kuanza mara nyingi ni njaa ya naitrojeni, na miaka ya nyuma imeshamsaidia. Ikawekwa. Haikubadilisha kitu kwa sababu shida haikuwa mahali hapo, seli iliyopasuka haili urea, na ile iliyo hai ila haina nguvu haiwezi kuitumia.

Asubuhi yake ndo nikaitwa. Nilipoonyeshwa daftari la maabara, ule mstari wa spiriti kupanda kwenye krimu ulinitosha kujua pa kuanzia, na nataka nimpe sifa yake yule kijana aliyepima na yule dada aliyeandika, maana bila wao tungebaki kubahatisha kuhusu molasesi mbaya.

Tukafanya jaribio ambalo halihitaji mashine. Iodini kutoka duka la dawa, kigae cheupe cha ukutani, matone mawili ya hamira pembeni kwa pembeni. Iodini inashika glaikojeni na kuwa kahawia iliyokolea, kama hakuna glaikojeni inabaki njano ya iodini yenyewe. Tone la kwanza tulichukua krimu iliyotoka fementa ya pili ambayo ilikuwa ndo inamaliza sukari, na tone la pili ile krimu ya zamani, kwa bahati nzuri kulikuwa na ndoo moja iliyobaki kabla ya asidi. La kwanza likageuka kahawia nzito papo hapo, karibu na rangi ya mninga uliopakwa vanishi. La pili likabaki njano. Mzee akachukua kitone akaweka iodini tena kwa mkono wake, ikawa njano tena. Baada ya hapo hakukuwa na ubishi kuhusu urea. (Ukiiga hili jaribio safisha hamira na maji kwanza ili rangi ya molasesi isikudanganye, na weka kila mara tone la hamira nzuri pembeni kwa kulinganisha.)

Trehalosi hatukuipima, maabara ile haina HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima sukari mojamoja) wala kimeng'enya cha kazi hiyo. Ila seli iliyokaa na joto na njaa kwa muda ule, glaikojeni ikiwa imeisha kabisa, trehalosi nayo huwa imeshaguswa, na vifo vile baada ya asidi vinaendana na hilo.

Sasa tufanyeje na fementa iliyopo? Kulikuwa na wazo la kuimwaga yote. Nilipinga, sukari ilikuwa bado mle ndani na ni hela. Tukachukua krimu nzuri kutoka fementa ya pili, tukagawa, theluthi moja ikaingizwa moja kwa moja kwenye ile fementa iliyolala ili imalizie inachoweza kabla bakteria hawajaila sukari yote, na hiyo tukaingiza bila kuipitisha kwenye asidi, kwa sababu inaenda kwenye woshi iliyokwisha kuwa chachu na moto na hatukutaka iumie mara mbili.

Ile theluthi mbili iliyobaki ndo tuliyotaka kujengea upya. Hapa ukaja mvutano wa maana. Mtu mmoja wa uzalishaji akasema tuipe molasesi kidogo kwanza ishibe, halafu nusu saa baadaye asidi, halafu fementa. Inasikika vizuri, mtu mwenye njaa mpe chakula kabla ya kazi. Lakini kumbuka ile tabia ya trehalosi. Nusu saa ya sukari haitoshi kujaza glaikojeni, maana glaikojeni inajaa naitrojeni ikipungua mbele huko, ila inatosha kabisa kuvunja trehalosi. Ungekuwa umeivua nguo halafu unaipeleka kwenye asidi. Njia ni mbili tu: ama uipitishe kwenye asidi ikiwa bado imelala na akiba yake, ndo uilishe, ama uilishe na uiache imalize kabisa mpaka akiba zirudi, saa nane au kumi, ndo asidi. Katikati ya hapo usiiguse na asidi.

Tukachagua ya pili. Tenki dogo, molasesi briksi 10 tu ili chumvi na sukari zisiibane, DAP (chumvi yenye naitrojeni na fosforasi) kidogo tu kwa makusudi, kwa sababu ukijaza naitrojeni hamira inazaana tu na haiweki akiba, hewa ya kompresa iliyopita kwenye chujio kwa saa za mwanzo ili itengeneze steroli, joto lisipite 30. Kushikilia 30 kwa maji ya ziwa peke yake hapakuwezekana mchana ule.

Na hapo dada wa maabara akaja na suluhisho la Mwanza kabisa: barafu ya samaki. Mji huu biashara ya sangara imeujaza barafu. Wakaleta kwa pikapu, wakaiweka kwenye pipa, koili ya bomba ikazamishwa ndani ya pipa, maji ya kupozea yakawa yanazunguka kupitia mle kabla ya kwenda kwenye koti la tenki. Barafu haigusi hamira, inapoza maji tu. Joto likashuka mpaka 29 na likakaa.

Matokeo

Fementa iliyolala ilimaliza kwa spiriti asilimia 5.3 badala ya 8. Kwenye lita 40,000 hiyo tofauti ni zaidi ya lita 1,000 za spiriti tupu ambazo hazikupatikana, sehemu ya sukari iliishia kuwa asidi ya laktiki na sehemu ilibaki kwenye woshi. Walikeneka hivyohivyo, mvuke ukatumika mwingi kwa spiriti kidogo.

Hamira iliyojengwa upya, sukari ilipoisha tuliiangalia kwa iodini ikatoka kahawia, sio nzito kama ile ya fementa ya pili ila kahawia kweli. Ikapelekwa kwenye asidi nyepesi zaidi, pH 2.6, saa moja tu. Bechi yake ya kwanza ilitoa asilimia 6.5, povu likianza kabla ya saa mbili. Iliyofuata 7.8, na baada ya hapo wakarudi kwenye 8 yao. Hawakununua mfuko mpya wa hamira kwa ajili ya kisa hiki, japo mimi mwenyewe ningewashauri wawe na mmoja stoo muda wote, maana fementa ya pili ingekuwa nayo imelala tungekuwa hatuna cha kujengea.

Kilichosaidia na kilichoangusha

Kilichoangusha zaidi, kwa maoni yangu, ni kile kikomo cha asilimia 80 cha methilini bluu. Ile rangi inajibu swali moja, je hii seli bado inaweza kuondoa rangi, na hata kwa swali hilo ikishuka chini ya 90 inaanza kutoa picha nzuri kuliko hali halisi. Haijibu kama seli ina nguvu ya kukaa saa mbili kwenye pH 2.2 ikisukuma asidi nje muda wote. Kusukuma huko kunakula nguvu, nguvu inatoka kwenye akiba, akiba hakuna, ndani ya seli kunakuwa chachu, seli inakufa. Kwa hiyo 85 kabla ya asidi ikawa chini ya nusu baada yake. Kipimo kilifanyika kwa uaminifu kabisa, ila kilifanyika kabla ya lile tukio linaloua.

Kosa la pili ni kuhesabu muda wa kusubiri kuanzia krimu ilipoingia tenki lake. Watu wote walisema "imekaa siku mbili". Lakini njaa ilianza siku sukari ilipoisha kwenye fementa, wakati mnara unatengenezwa, na kwa nyuzi 34 ndani ya spiriti asilimia 8 hiyo ni njaa mbaya kuliko ya kwenye krimu. Saa ya njaa ianze kuhesabiwa sukari ikifika chini, popote hamira ilipo.

Joto nalo. Kila ukishusha nyuzi 10 kasi ya seli kula akiba yake inapungua kwa nusu hivi au zaidi, kwa hiyo krimu iliyopozwa mpaka 14 ingekuwa imetumia kama robo tu ya ilichotumia ile ya 34 kwa muda uleule. Viwanda vya bia vinajua hili siku nyingi, hamira yao wanaitunza kwenye nyuzi 2 hadi 4. Kiwanda cha spiriti hakihitaji kufika huko, ila kuacha krimu kwenye joto la banda la bati ni kuichoma taratibu.

Cha kufikirisha ni kwamba kule Brazil hiki kilichotuangusha wanakifanya makusudi. Mwisho wa msimu, au wanapokuwa na hamira ya ziada, wanaiacha kwenye joto la nyuzi 40 hivi bila kuilisha ili igeuze glaikojeni na trehalosi yake kuwa spiriti, wanavuna ile spiriti, halafu wanakausha hamira kuwa chakula cha mifugo, na kwa kuwa sukari imetoka protini kwa uzito inakuwa juu. Ni njia nzuri sana, kwa hamira ambayo hairudi kazini. Ndo maana nasema lile ongezeko la asilimia moja kwenye krimu sio faida. Kuna watu wataona spiriti imepanda bila molasesi na kufurahi, lakini ile ni nguvu ya bechi ya kesho imetolewa leo.

Kuna hoja nimeisikia kwa wahasibu na ina ukweli wake: sukari inayowekwa kama akiba ndani ya hamira ni sukari ambayo haikuwa spiriti, kwa nini tusitafute hamira isiyoweka akiba? Kwa kiwanda kinachotumia hamira mara moja na kuitupa, hoja inasimama. Kwa kiwanda kinachorudisha hamira haisimami, maana akiba inarudi kazini kila mzunguko, na hamira isiyo nayo asidi itaiua mzunguko wa pili au wa tatu.

Kilichosaidia ni daftari. Kipimo cha spiriti kwenye krimu walikuwa wanakifanya kwa ajili ya hesabu za spiriti inayopotea, hakuna aliyekiweka kwa ajili ya afya ya hamira, na ndo kikawa kengele. Saivi wamekipa kazi hiyo rasmi: krimu ikipanda kwa nusu asilimia bila kulishwa, haipelekwi kwenye asidi ya pH 2.2, inapimwa iodini kwanza. Ikitoka kahawia inapita na asidi nyepesi. Ikitoka njano inalishwa kwenye tenki dogo mpaka imalize, au kama methilini bluu nayo iko chini ya 70 inaenda kukenekwa yote na mfuko mpya unafunguliwa.

Pia ratiba ya matengenezo ya mnara imefungwa na ratiba ya fementa. Mnara ukijulikana utafunguliwa, molasesi ya fementa inayokaribia kuisha inaingizwa polepole zaidi ili hamira iendelee kupata kidogokidogo, na kama sukari imeshaisha basi woshi inapitishwa separeta mapema na kuhifadhiwa bila hamira, krimu inapozwa. Koili ya tenki la krimu imewekwa, inatumia lile pipa la barafu. Barafu wanainunua siku za kusubiri tu, na mzee ndo anayepiga simu mwenyewe kuagiza, mara nyingi lori la molasesi likiwa bado halijatoa taarifa ya kuchelewa.